Mji mpya hauanzi na tingatinga

Tumeambiwa na mwandishi mmoja, kwa kalamu isiyo na chembe ya shaka, kwamba dawa ya msongamano wa Dar es Salaam ni kujenga mji mpya Kigamboni kwa mkupuo: serikali isafishe eneo, nyumba zisimamishwe kwa maelfu, huduma zitafuata watu.

Isafishe nini? Kigamboni wanaishi watu. Mwaka 2008 walitangaziwa mji mpya na kuzuiwa kuendeleza viwanja vyao. Mji haukuja, zuio lilifika mapema sana.

Lakini kichekesho chenyewe ni hizo huduma “zitakazofuata”. Zitafuata kwa miguu ipi? Mradi wa viwanja 20,000, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulipima Kibada, Bunju na kwingineko. Watu wakajenga, kisha wengi wakajichimbia visima au kununua maji ya boza. Hapo hapo Kigamboni, mradi wa Dege wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, uliokusudia nyumba zaidi ya 7,000, ulisimama mwaka 2016, maghorofa yakabaki matupu. Ajabu ni kwamba mwaka huohuo Daraja la Nyerere la kwenda Kigamboni, lenye mita 680, lilifunguliwa. Njia ilipatikana, wapangaji wako wapi? Na mwenye gari hulazimika kuvuka kwa kulipa ushuru, kwa sababu kazi zimebaki ng’ambo, Kariakoo na Posta. Mwandishi wetu kapanga vitanda, ajira kazisahau.

Bomba kuu, njia za daladala na eneo la soko vitangulie tofali la kwanza. Na mwenye ardhi alipwe kabla greda halijawashwa, si baada ya hotuba.