Vijana wa Kilombero Hawakuzaliwa Wavivu

Ukigusia afya ya vijana hapa Ifakara, katika bonde la Kilombero, lawama huelekea upande mmoja: kizazi hiki kimelegea, hakitaki kutoa jasho. Madai manne hurudiwa sana majumbani, vijiweni na kwenye vikao vya wazazi. Tuyapime moja baada ya jingine.

Dai la kwanza: "Kukaa bila mazoezi ni tatizo la nchi tajiri. Sisi ni watu wa mpunga."

Shirika la Afya Duniani linashauri watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 waushughulishe mwili, mpaka pumzi iende mbio, kwa wastani wa dakika 60 kwa siku. Mwaka 2019 watafiti wake walichapisha hesabu za wanafunzi wa miaka 11 hadi 17 kutoka nchi 146. Asilimia 81 hawakufikia kiwango cha dakika 60 kila siku. Nchi iliyofanya vizuri kuliko zote ilikuwa Bangladesh, nao ni watu wa mpunga kama sisi. Hata huko asilimia 66 hawakufikia. Kwa hiyo kuzaliwa kando ya majaruba si kinga.

Dai la pili: "Kazi za shamba na za nyumbani zinawatosha."

Dai hili lina ukweli ndani yake. Kulima, kuchota maji, kutembea hadi shuleni, vyote vinahesabika. Lakini shamba lina msimu. Baada ya kupalilia, kuamia ndege na kuvuna, jembe linapumzika. Tena si kila mtoto yuko shambani: wazazi wanapohamia huko wakati wa kilimo, wapo wanafunzi wanaobaki mjini, na siku yao ni dawati, tuisheni na kitanda.

Kuna jambo zito zaidi, nalo tumelijenga wenyewe. Mtoto anaambiwa tangu darasa la kwanza, "Usiposoma utalima." Akichelewa shuleni anapewa sehemu ya kufyeka. Akipiga kelele anarushwa kichura. Anakua akijua kwamba kutoa jasho ni adhabu, na kwamba fungu la aliyefaulu ni kukaa. Akipata nauli anapanda bodaboda hata kwa mwendo wa dakika chache, maana kutembea kwa miguu kunaonekana ni dalili ya kukosa. Kijana huyo si mvivu. Amelishika somo tulilomfundisha.

Dai la tatu: "Simu na vibanda vya video ndivyo vilivyowaharibu."

Simu inakula muda, hilo halina ubishi. Ila hesabu zile zile za mwaka 2019 zinakataa kuibebesha mzigo wote. Kwa dunia nzima, wavulana wasiofikia kiwango walikuwa asilimia 80 mwaka 2001, na mwaka 2016 walikuwa 78. Wasichana walibaki pale pale, asilimia 85. Tatizo lilikuwa kubwa tayari kabla simu janja haijaingia mifukoni.

Na hapa nchini, mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali yenyewe ilisimamisha kwa muda mashindano ya michezo ya shule za msingi na za sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA. Simu haikuhusika na uamuzi ule. Hata sasa, kipindi cha michezo ndicho cha kwanza kuchukuliwa wanafunzi wa kidato cha pili na cha nne wanapokaribia mtihani. Saa ikishaachwa tupu, kijana atashika kilicho karibu, na kilicho karibu ni simu.

Dai la nne: "Wasichana hawapendi michezo."

Anayesema hivyo asimame barabarani Ifakara asubuhi. Mji huu tambarare ni wa baiskeli, na wanawake wanazipanda, wengine na mzigo nyuma. Nguvu wanazo na aibu hawana, ilimradi safari iwe ya sokoni au ya shamba. Tatizo linaanza msichana anapotaka kukimbia kwa kujifurahisha. Akishavunja ungo anaambiwa atulie. Jioni kaka yake anapokwenda kiwanjani, yeye yuko jikoni. Akivaa bukta, majirani wanamwita mhuni. Kisha tunashangaa kwamba hachezi, na tunasema hapendi.

Madai yote manne yanafanana kwa jambo moja: yanamwondoa mtu mzima kwenye kesi. Ilhali ratiba ya shule, mgawanyo wa kazi za jioni na maneno ya "usiposoma utalima" vyote viko mikononi mwetu. Kikao kijacho cha wazazi kianze na maombi matatu: kipindi cha michezo kisiguswe hata mwaka wa mtihani, kufyeka na kuruka kichura visiwe adhabu tena, na mtoto wa kiume aoshe vyombo ili dada yake naye apate saa moja ya kucheza. Yote matatu hayahitaji bajeti.