Zafarani si dawa ya kila ugonjwa, na unga wa manjano si zafarani

Sokoni na kambini, hakukosi mtu anayepitisha vifuko vya unga wa manjano akisema ni «safran». Eti inaongeza damu, inatuliza moyo, inaponya tumbo, inamrudishia nguvu mama aliyezaa. Familia iliyokimbia vita, yenye mtoto anayewaka homa, inatoa franga zake za mwisho. Biashara hiyo inapaswa kukataliwa.

Zafarani ya kweli inatoka katika ua dogo la zambarau. Kila ua lina nyuzi tatu tu nyekundu, zinazochumwa kwa mkono na kukaushwa. Kilo moja inahitaji maua karibu 150.000, na sehemu kubwa ya zafarani ya dunia inatoka Iran. Ndiyo maana gramu moja inauzwa dola kadhaa. Anayeuza kijiko kizima kwa franga mia tano hauzi zafarani.

Mara nyingi anachouza ni manjano, mzizi wa jamaa ya tangawizi. Wafaransa wanaiita «safran des Indes», na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Manjano ni kiungo kizuri cha maharage na samaki. Lakini unga wake unaweza kuchafuliwa: huko Bangladesh, wachunguzi walikuta wafanyabiashara wakiutia rangi yenye madini ya risasi ili ung'ae, na risasi inaharibu ubongo wa watoto. Ni heri kununua mzizi mzima na kuutwanga nyumbani.

Zafarani yenyewe isidharauliwe. Inapamba wali, inanukisha chai na maziwa. Uchunguzi mdogo mdogo, mwingi wake uliofanywa Iran, umeonyesha kwamba miligramu 30 kwa siku, kwa muda wa wiki kadhaa, zinaweza kuwapunguzia huzuni watu wenye ugonjwa wa huzuni usio mkali. Hiyo ni habari njema, lakini haihusu malaria, kipindupindu wala upungufu wa damu. Tena, ikizidi inageuka sumu: kuanzia gramu 5 inaweza kumdhuru mtu. Mama mwenye mimba asiinywe kama dawa, kwa sababu kipimo kikubwa kinaweza kuamsha tumbo la uzazi kabla ya wakati.

Wengine watajibu kwamba kituo cha afya kiko mbali, dawa zimeisha, na muuza unga yuko mlangoni. Ni kweli, na kosa si la mama. Wenye mamlaka na mashirika ya misaada ndio wanaopaswa kuhakikisha dawa zinafika pale watu walipo. Pengo hilo lisipozibwa, mwenye maneno matamu ataendelea kulijaza. Hata hivyo, malaria haimsubiri mtoto. Siku mbili za kumnywesha unga zinaweza kuwa ndizo siku mbili alizohitaji kupimwa na kutibiwa.

Yako mambo ambayo familia inaweza kufanya kwa mali kidogo. Mtoto mwenye kuhara, wakati anapelekwa kwa muganga, anyweshwe maji safi litre moja yaliyotiwa vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kwa kusaidia damu, lengalenga, maharage na sambaza za ziwa Kivu vina faida kuliko kifuko kisichojulikana kilikotoka. Na huzuni ya mtu aliyepoteza nyumba na ndugu inahitaji kwanza watu wa kumsikiliza.

Mwenye zafarani ya kweli aitie kwenye wali, ale na jamaa yake kwa furaha. Mwenye mtoto mgonjwa ashike kwanza njia ya kituo cha afya, na franga zake azichunge kwa safari hiyo.