Globu za LED kwenye gari: mwanga mwingi si kuona mbali

Kwa dereva anayepanda milima ya Umatengo usiku kutoka Mbinga kwenda Litembo, taa hafifu ni hatari ya kweli. Kona ni nyingi, ukungu hushuka ghafla, na pembeni wapo waenda kwa miguu na bodaboda. Ndiyo maana baadhi ya madereva huondoa globu za kawaida na kufunga za LED. Je, wanaona vizuri zaidi? Na anayekuja mbele yao anaona nini?

Tatizo liko wapi?

Globu ya kawaida, yaani ya halojeni, ina uzi mwembamba unaowaka. Taa yenyewe imeundwa kupokea mwanga kutoka pale pale uzi ulipo na kuuelekeza barabarani. LED haina uzi. Mwanga wake hutoka kwenye vipande vidogo vilivyobandikwa pande mbili za bapa. Vikikaa tofauti kidogo na ulipokuwa uzi, mwanga hutawanyika: mwingine hupanda juu, mwingine huishia karibu na bampa. Dereva huona weupe mwingi karibu na gari na kuridhika, kumbe mbali haoni zaidi ya zamani.

Anayeumia kwanza ni mwenzake. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Dereva akipofushwa sekunde tatu kwenye kona za kuteremka Mbamba Bay, amekwenda mita 50 bila kuona njia.

Nchi nyingine zinafanyaje?

Uingereza, katika ukaguzi wa lazima, magari mengi hukataliwa ikiwa taa ya mbele ya halojeni imewekwa globu ya LED. Ujerumani, tangu 2020, imeruhusu baadhi ya globu hizo, lakini kwa aina za magari zilizopimwa na kutajwa tu. LED yenyewe si mbaya: hula umeme kidogo na hudumu. Gari lililotoka kiwandani na LED lina taa iliyoundwa kwa ajili yake.

Ufanye nini?

Kabla ya kununua, safisha au ng'arisha kioo cha taa kilichopauka, na mwambie fundi akague nyaya. Mara nyingi mwanga hurudi kwa gharama ndogo.

Ukishafunga LED, simamisha gari mahali tambarare, mita tano kutoka ukutani, uwashe taa za chini. Mstari kati ya mwanga na giza uonekane wazi. Ukikosekana, rudisha globu za zamani.

Ukipakia kahawa au mahindi nyuma, pua ya gari huinuka na taa hupanda. Magari mengi yana kitufe cha kuzishusha, kitumie. Kwenye ukungu tumia taa za chini, kwa sababu taa kubwa hugonga ukungu na kukurudia machoni.

Taa za ndani na za namba ya gari unaweza kuzibadilisha bila kumpofusha mtu.