Wageni wa Mida Wameshafika, Twendeni

Kuanzia mwisho wa Agosti, kusi inapoanza kulegea, matope ya Mida Creek kule Watamu huanza kujaa ndege. Wanaingia kundi baada ya kundi, usiku na mchana, na ikifika Oktoba, maji yakiwa yamekupwa, ukisimama kwenye ukingo wa mikoko utaona maelfu yao wametapakaa. Wapo wadogo kama shomoro wanaokimbia huku na huku, wapo sululu wenye midomo mirefu iliyopinda wanaotembea kwa madaha, wapo weupe wenye migongo myeusi waliojitenga kando. Wametoka Siberia, wametoka Asia ya Kati, wametoka pwani za Oman na Uajemi. Watakaa nasi hadi Machi au Aprili, kisha warudi kwao kuzaa. Na katika miezi yote hiyo, wengi wa watu wanaokwenda kuwatazama ni watalii kutoka Ulaya. Sisi wenyeji tunapita barabara kuu ya Mombasa na Malindi ndani ya matatu, muziki uko juu, na hata shingo hatugeuzi.

Makala haya ni ombi. Msimu huu, kati ya Septemba na Novemba, tafuta asubuhi moja uende Mida, au kwenye mlango wa mto Sabaki kaskazini ya Malindi, au ufuko wowote wa matope ulio karibu nawe ambako kuna mwelekezi anayejua ndege. Mlipe, tembea naye, na umchukue mtoto.

Najua litakalosemwa: hayo ni mambo ya wazungu. Lakini mvuvi wa pwani hii amekuwa akitazama ndege tangu zamani. Buabua wakikusanyika mahali na kupiga mbizi, nahodha hageuzi tanga bure, anajua chini yao kuna samaki. Na waelekezi wenyewe wa Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke ni vijana waliozaliwa Gede, Dabaso na vijiji vya jirani. Wanawajua ndege hawa kwa sauti kabla hawajainua darubini. Wanachokosa ni wateja wanaozungumza nao kwa lugha yao.

Ukifika, anza na mla kaa. Ni ndege wa miguu mirefu ya kijivu, mwili mweupe, mgongo mweusi, na mdomo mnene mweusi usiofanana na wa ndege mwingine yeyote wa matopeni. Usimpite haraka. Anakwenda hatua tatu nne, anasimama, anainamisha kichwa kana kwamba amesahau alilokuwa akilifanya. Ghafla anachomoka mbio, anapiga, na kaa yuko mdomoni. Kaa mdogo humezwa mzima mzima. Mkubwa hutikiswa na kupigwapigwa mpaka magando na miguu ichomoke. Sasa sikiliza: nyuma yake kuna mwingine, wa kijivu kijivu, anayemfuata kila anapokwenda huku akilia kwa sauti ya filimbi bila kukoma. Huyo ni mwanawe. Ndege hawa hutaga yai moja tu, jeupe, ndani ya shimo walilolichimba kwenye mchanga, katika visiwa na fuko za Ghuba ya Uajemi, Bahari ya Shamu na mwambao wa Uarabuni, na joto la mchanga huwasaidia kuliatamia. Kinda akishaweza kuruka husafiri na wazazi wake hadi huku kwetu, na kwa miezi kadhaa huendelea kulishwa. Yaani amevuka bahari kwa mabawa yake mwenyewe na bado anataka kutiwa tonge mdomoni. Kina mama watamwelewa. Zamani majahazi ya Sur na Maskati yalingoja kaskazi ianze kuvuma ndipo yang'oe nanga kuja Lamu na Mombasa. Mla kaa hangoji, huanza kufika kusi ikiwa bado haijaisha.

Wa pili nitakayemsemea ni kitwitwi mmoja mdogo, uzito wake gramu 60 hivi, mdomo umepinda kidogo kuelekea chini. Huzaliwa kaskazini kabisa ya Siberia, pande za rasi ya Taymyr, mahali ambapo kiangazi huhesabiwa kwa wiki. Wazazi wake huondoka mapema na kumwacha. Yeye huanza safari baadaye, pamoja na makinda wenzake, bila mkubwa wa kuwaonyesha njia. Mwezi wa Agosti na Septemba utawaona wazazi wakiwa bado na mabaka ya rangi ya matofali kifuani, yaliyobaki ya msimu wa kuzaa. Kisha wanaingia makinda, na hao utawatambua kwa manyoya mapya ya mgongoni, kila moja na ukingo wake mweupe kama limetariziwa. Kuwatofautisha si kazi ngumu ukiwa na mtu wa kukuonyesha, na hapo ndipo mambo yanapopendeza. Idadi ya makinda inabeba habari za Siberia. Kule kuna panya wa nchi ya baridi, lemingi, ambao mwaka mmoja huongezeka mno na mwaka mwingine huadimika. Wakiwa wengi, mbweha hushiba panya na viota vya ndege husalimika. Wakiadimika, mbweha hugeukia mayai na makinda. Watafiti waliohesabu ndege hawa hawa Afrika Kusini walionyesha kwamba wingi wa makinda hupanda na kushuka pamoja na wingi wa lemingi. Kwa hiyo mtu aliyesimama Mida, suruali ameikunja hadi magotini, anaweza kukisia kama mbweha wa Siberia walishiba mwezi wa Julai.

Haya yote unaweza kuyasoma vitabuni, lakini kuna elimu moja ambayo huipati bila mwelekezi, nayo ni elimu ya maji. Mgeni huuliza, "Tuje saa ngapi?" Mwelekezi humuuliza, "Unakuja tarehe ngapi?" kisha anahesabu mwezi. Siku za bamvua maji hukimbia mbali sana, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3, na ndege hutawanyika kwenye tope mpaka darubini inakuwa haina maana. Siku za maji mafu mambo huenda polepole zaidi. Siri iko kwenye maji yanayopanda. Saa mbili au tatu kabla hayajajaa, hunyemelea kutoka kwenye mikondo, tope linazidi kuwa finyu, na ndege waliokuwa vitone kwa mbali husukumwa kidogo kidogo hadi karibu yako, bila wewe kunyanyua mguu. Nimemwona mwelekezi akichomeka kijiti kwenye tope, akakaa chini ya mchu, akawaambia watu waliokuwa wakihangaika na kamera zao: "Tulieni jamani, maji yakifika kwenye kijiti watakuja wenyewe." Na walikuja.

Hapo niseme langu. Siwapendi sana watu wa kukimbizana na orodha, wanaofika, wakaona aina 40 kwa saa moja, wakatia alama daftarini na kuondoka bila kumtazama hata mmoja akila. Wapo waelekezi waliofundishwa na wateja wa namna hiyo, nao hutaja majina mfululizo. Ukikutana na mmoja wao, mwombe kwa heshima msimame. Atafurahi. Mara nyingi naye alikuwa akitaka kusimama.

Fedha nayo ina mahali pake. Mida kuna daraja la mbao na kamba lililopita juu ya mikoko, zaidi ya mita 200, likaishia kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Lilijengwa ili kiingilio chake kiingie katika mpango wa ASSETS, ulioanzishwa mwaka 2001 na unaosimamiwa na shirika la A Rocha Kenya, wa kuwasaidia karo watoto wa sekondari wanaoishi kandokando ya hori hilo na ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo walivyosema wazee, na hapa mgeni ni ndege. Lakini mwaka 2020 ulituonyesha ubovu wa kutegemea wageni wa mbali peke yao. Ndege za abiria zilisimama, hoteli zikafungwa, waelekezi wakarudi shambani na baharini. Ndege wenyewe walikuja kama kawaida. Kama watu wa Kilifi, Mombasa na Nairobi wangekuwa na mazoea ya kwenda, hata familia chache tu kila mwisho wa wiki, pigo lile lingekuwa jepesi zaidi.

Kuna sababu nyingine, na kwangu mimi ndiyo kubwa. Tope halina mtetezi. Msitu una jina zuri, ufuko mweupe una hoteli zake, matumbawe yana wazamiaji. Mtu akiliona tope hufikiri ni ardhi iliyolala bure, hapo panafaa kifusi, hapo panafaa ukuta, hapo panafaa ploti. Na wakati huo huo ndege wanaolitegemea wanapungua. Oktoba 2024 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilipotoa orodha yake mpya, yule kitwitwi wa Siberia niliyemtaja alihamishiwa kwenye daraja la spishi zilizo katika hatari ya kutoweka. Shahidi wa kwanza wa tope ni mtu aliyesimama pale mwaka jana na mwaka juzi akaandika alichokiona. Mradi wa Kenya Bird Map, unaoendelea tangu 2013, umeigawa nchi katika miraba yenye upana wa kilomita 9 hivi kila mmoja, na mtu yeyote anayejua ndege wa kwao anaweza kutuma orodha kwa simu. Mamlaka ya mazingira, NEMA, inapotangaza kwamba inapokea maoni ya umma kuhusu ujenzi fulani ufukweni, orodha ya namna hiyo ina uzito kuliko malalamiko ya jumla. Mwelekezi atakusaidia kuijaza ile ya kwanza.

Na asikwambie mtu kwamba vijiji haviwezi kitu. Novemba na Desemba, mvua za vuli zikiwa zimetoa kumbikumbi, angalia juu: utaweza kuwaona kozi wa Amur, wadogo, mabawa membamba, wakipita makundi kwa makundi. Wametoka mashariki ya mbali ya Asia, wakapita India, wakavuka Bahari ya Hindi kwa msaada wa upepo, kuelekea kusini mwa Afrika. Mwanabiolojia wa Maldives, Charles Anderson, alipendekeza mwaka 2009 kwamba njiani hula kereng'ende, nao wakiwa wanavuka bahari hiyo hiyo. Mwaka 2012 katika jimbo la Nagaland, India, wanakijiji wa kando ya bwawa la Doyang walikuwa wakiwanasa kozi hawa kwa nyavu za samaki, maelfu kwa maelfu, na kuwauza nyama. Habari zikatoka, wahifadhi na serikali wakaja, wakaongea na mabaraza ya vijiji, na vijiji vyenyewe vikapiga marufuku. Msimu uliofuata, 2013, mauaji yale yalikoma. Leo watu huenda Pangti, mojawapo ya vijiji hivyo, kuwatazama kozi, na wanaowaongoza ni wa pale pale. Kozi anayepita juu ya Tsavo mwezi wa Desemba huenda ni mmoja wa waliopona.

Basi tukienda, twende kwa adabu. Usiwarushe ndege ili upate picha. Wakubwa kati yao, wakishafika huku, hubadilisha manyoya ya mabawa, moja baada ya jingine, kazi ya miezi, na kila safari wanayorushwa bila sababu inawagharimu chakula walichokitafuta tangu alfajiri. Mbwa abaki nyumbani. Maji yakijaa, ndege hukusanyika mahali pamoja kupumzika. Hapo pasikaribiwe kabisa, hata na mashua ya kuzungusha watalii. Usishuke matopeni bila mwenyeji, maana kuna mahali tope hula mtu hadi kiunoni, na chaza waliojishika kwenye mizizi ya mikoko hukata kama wembe. Vaa viatu vya zamani vya kamba, si ndala.

Wasomaji wa Tanzania msidhani hii ni habari ya Kenya tu. Mla kaa na vitwitwi hawa hushuka hadi Tanga, Unguja na Pemba, kwenye mabwawa ya chumvi ya Kunduchi, na kwa wingi zaidi kwenye delta ya Rufiji, ambayo pamoja na Mafia na Kilwa ni eneo la Ramsar tangu 2004. Na nyinyi mlio Maskati na Sur, mnaweza kuwaona wala kaa hapo hapo Oman. Barr al Hikman, mkabala na kisiwa cha Masira, ni makao yao makubwa ya majira ya baridi.

Jumamosi ya pili ya Oktoba ni Siku ya Kimataifa ya Ndege Wahamao. Wenye hoteli, siku hiyo wapeni wafanyakazi wenu wa jikoni na bustanini nafasi ya kwenda, si wageni peke yao. Waelekezi, wekeni bei ya mwenyeji na muitangaze kwa Kiswahili na Kigiriama, kwenye redio za pwani na kwenye makundi ya WhatsApp ya mitaa. Walimu, msingoje basi la shule lipatikane. Darasa la watoto 15 linatosha, tuktuk chache kutoka Gede zinatosha, na darubini mbili wanaweza kupokezana. Ila kabla hamjapanga siku, mpigieni mwelekezi mumuulize maji yanajaa saa ngapi, na kama daraja la Mida liko katika hali nzuri.