Msimbati si kisiwa

Mgeni akija Mtwara, ikifika siku ya tatu ataniuliza ile nyumba ya Mwingereza iko wapi. Amesoma habari zake kwenye kitabu cha watalii: mtumishi mstaafu wa serikali ya kikoloni, Latham Leslie-Moore, alijenga jumba lake ufukweni Ruvula, mbele ya kijiji cha Msimbati, na mwaka 1959 akatangaza kwamba kisiwa chake kimejitenga na Tanganyika na sultani ni yeye. Serikali huru haikumvumilia. Miaka ya 1960 alifukuzwa nchini, jumba likabaki gofu. Mwandishi wa Kimarekani, John Heminway, alimwandika, na tangu hapo habari hiyo inazunguka dunia. Imo hata katika orodha za nchi bandia, zile ambazo watu hujitangazia wakiwa na bendera moja na raia mmoja.

Kila anayeisimulia huisimulia akicheka. Hata mimi nimecheka. Nimewapeleka wageni pale, nimewashikia simu wakipigwa picha mbele ya kuta, na jioni nimepewa ahsante na soda. Naandika haya kwa sababu kicheko kile sasa kinaniudhi, na kinaniudhi zaidi kikitoka kinywani mwangu.

Tuanze na hilo neno kisiwa. Msimbati si kisiwa, ni rasi. Unatoka Mtwara mjini kwa barabara ya Kilambo, ukifika Madimba unakata kushoto, na baada ya safari ya zaidi ya kilomita 40 umefika, hujapanda mtumbwi wala hujalowa unyayo. Kila aliyeona video za ule ufukwe ambao magari hukimbia juu ya mchanga anajua hayo magari yalifikaje. Lakini kisiwa kinaifaa hadithi. Kisiwa kina mwanzo na mwisho, mtu mmoja anaweza kukizunguka asubuhi na kusema changu. Rasi yenye barabara, yenye msikiti na makaburi, yenye watu wanaodaiana fedha za samaki, haiwezi kuwa ya mtu mmoja.

Na watu walikuwapo. Wamaraba, yaani Wamakonde wa pwani, hawakuja kuomba kazi jikoni kwa Mwingereza ndipo wakapata kwao. Ghuba yenyewe inaitwa Mnazi, na penye mnazi pana aliyeupanda, na aliyeupanda ana wajukuu, na wajukuu wanajua mnazi upi ni wa nani hata kama chini yake hakuna hati. Mtu aliposimama juu ya mchanga ule akasema hapa ni pangu, alisema mbele ya wenyewe. Katika hadithi ninayoisikia kila mwaka wenyewe hawamo. Wakiwamo, ni kwa ajili ya kubeba maji au kuchekelea.

Hii pwani imezoea kugawiwa na watu wasioifahamu. Ng'ambo tu ya Ruvuma kuna Kionga: Wajerumani waliichukua 1894, Wareno wakaichukua 1916, na sijaona popote kwamba kuna aliyewauliza wavuvi wa pale wanataka kuwa kina nani. Mtwara yenyewe ilichorewa bandari na reli kwa ajili ya karanga za Waingereza, mradi ule uliokufa mapema miaka ya 1950. Karanga hazikuota, reli ikang'olewa. Basi Leslie-Moore hakuwa kichaa peke yake. Alifanya kwa udogo, na kwa ucheshi, jambo ambalo wakubwa zake walikuwa wakilifanya kwa wino na muhuri.

Sasa linganisha. Gesi iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, na visima viko hapo hapo rasini. Habari ya bomba la kwenda Dar es Salaam ilipokuja, watu wa Mtwara waliuliza swali moja: sisi tunabaki na nini? Januari 2013 waliingia barabarani, Mei mwaka huo huo wakaingia tena, moto ukawaka, watu wakafa, na wanajeshi wakaletwa mjini. Sitetei nyumba zilizochomwa. Lakini nakumbuka jinsi tulivyoitwa: wabinafsi, wajinga wasioelewa uchumi, watu wanaotaka kuigawa nchi. Mtu aliyetangaza kweli kweli kuigawa nchi, kwa ajili ya jumba lake na machweo yake, tumemweka kwenye vitabu vya watalii kama mzee mcheshi. Waliouliza habari ya gesi iliyo chini ya miguu yao hawajaandikiwa kitabu cha kuchekesha.

Kuna atakayesema namwonea marehemu, kwamba zama zile zimekwisha. Hazijakwisha. Leo Leslie-Moore hana haja ya kujitangaza sultani, anamtafuta dalali.

Mwaka jana nilitumiwa picha kwenye simu, kiwanja kinauzwa ufukweni, upande huu wetu wa kusini. Maneno yaliyoambatana nayo yalisema eneo halijaguswa. Niliikuza ile picha kwa vidole viwili. Pembeni kushoto kulikuwa na mtumbwi umepinduliwa juu ya magogo na nyavu zimeanikwa kwenye mti. Chini ya mti kulikuwa na kitu ambacho nadhani ni sufuria. Halijaguswa na nani?

Na tusidanganyane kwamba huyu mnunuzi lazima awe Mzungu. Sheria ya Ardhi ya 1999 haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, kwa hiyo mara nyingi anayekuja ni mwenzetu, anasalimia vizuri, anakula ugali na mchuzi wa papa kwa mwenyekiti, halafu mwezi unaofuata zinashushwa nguzo za uzio. Ufukwe mmoja niliokuwa nikiogelea utotoni sasa una ukuta unaoshuka hadi maji kupwa yanapoacha majani. Mwenye nyumba ni Mtanzania kama mimi. Ukuta ule ukiugonga na ndoo, unatoa sauti ile ile.

Kwa nini naushupalia uzio? Kwa sababu bahari ile haifikiwi kwa hati. Inafikiwa kwa kijia cha upana wa watu wawili, kati ya minazi, kilichochimbwa na nyayo. Bamvua ikija na maji yakatoka mbali, utawaona wanawake wanashuka kabla jua halijakaza: huyu na chuma chake cha kuchokolea pweza, wale wawili na kitambaa cha kutandia uduvi, mtoto nyuma na ndoo ya rangi isiyo na mpini. Wana saa chache tu, kwa sababu maji hayangoji. Kijia kikizibwa, mwanamke anazunguka nyumba tano, akifika mwamba umeshaanza kufunikwa, na siku hiyo mboga ni kisamvu bila kitu. Hasara hiyo haimo kwenye ripoti yoyote ya uwekezaji, maana aliyeipata hakuwa na mauzo ya kuandika. Alikuwa anapika tu.

Sheria tunazo, hilo ndilo linanichoma. Ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini wake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote, si kwa niaba ya mwenyekiti na mgeni wake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Na tangu mwaka 2000 eneo hili ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye vijiji ndani yake. Mvuvi wa Msimbati ameshajifunza nini maana ya hifadhi. Ameambiwa kokoro marufuku, baruti marufuku, matumbawe hayavunjwi, na baruti wavuvi wa kusini walianza kuipiga vita wenyewe kabla hifadhi haijazaliwa. Kama yeye anapimiwa matundu ya wavu wake, basi mwenye jumba apimiwe mita zake 60, kwa kamba, mbele ya mkutano wa kijiji, watu wakiangalia.

Ajira, utaniambia. Sizikatai. Kijana wa Msimbati akipata kazi ya ulinzi kwenye nyumba ya ufukweni ni jambo jema, mshahara ni mshahara. Ila nimewahi kumwona kijana wa namna hiyo, siku ya bamvua, amesimama ndani ya geti na nje ya geti yupo mama yake mdogo na ndoo. Hawakugombana. Alimfungulia, akatazama nyuma mara mbili kama wanaonekana, akafunga.

Mara ya mwisho kwenda Ruvula nilikuwa na mgeni kutoka Arusha, mtu mwema, ananunua picha za kuchora na kusoma sana. Tulisimama mbele ya magofu. Nilikuwa katikati ya ile sehemu ya usultani, mgeni ameshaanza kutabasamu, nikasikia mtu anakohoa nyuma yetu. Bibi mmoja, khanga imelowa mpaka magotini, ndoo kichwani, mkono wa pweza unaning'inia pembeni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mnaangalia nini?"

"Nyumba, bibi."

Akaigeukia, akaitazama kidogo kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa mtoto wa jirani.

"Haya," akasema. "Ila mmesimama njiani."

Tukasogea, akapita.