STAA, NYUMBA YA BOKSI NA MACHOZI YA KWENYE SIMU: MASKINI NI NANI HAPO?

Haya wadau, jina la huyu dada linahifadhiwa, maana wanasheria wake wana haraka kuliko bodaboda. Dalili tu: kope ndefu, wafuasi kibao, na mwezi hauishi hajalia kwenye kamera. Anayemjua amjue. Asiyemjua asome tu, hakosi kitu.

Dada kaenda Mbamba Bay kula bata. Hapo hamna ubaya wowote. Siku hizi kuna lami kutoka Mbinga, unashuka kona kwa kona kutoka kwenye baridi ya mashamba ya kahawa mpaka kwenye joto la Ziwa Nyasa, mchanga safi, maji unaona mpaka chini, na ng'ambo ni Malawi. Picha za siku ya kwanza zilikuwa kali, hata wabaya wake walikubali. Siku ya pili akatembelea kijiji kimoja cha wavuvi (hakitajwi, sababu iko mbele), akamkuta binti wa miaka kama tisa kakaa chini ya mwembe na nyumba yake ya boksi.

Klipu haifiki hata dakika. Binti anasema, "Shikamoo anti." Anti anaitikia huku anatafuta mwanga mzuri.

"Hii nini mdogo wangu?"

"Nyumba."

"Ndo unachezea hii?"

"Eeh."

Basi. Kamera inageuka, sasa anaonekana dada mwenyewe, machozi yako tayari. Maneno chini ya klipu: watoto wa kijijini hawana hata mwanasesere, wanachezea takataka, jamani tuchangie. Namba ya kutuma hela ikafuata.

Sasa irudishe hiyo klipu nyuma. Isimamishe pale kamera inapopita ndani ya boksi, sekunde tatu tu, maana dada hakuwa na muda wa kukiangalia alichokuwa anakililia.

Kuna kabati la droo tatu. Ni maboksi matatu ya kiberiti yamepandanishwa na kugandishwa kwa gundi ya unga wa muhogo, ile ya kukoroga kwenye maji ya moto. Kila droo ina kishikio, uzi umefungwa fundo kwa ndani. Zinafunguka. Kuna kitanda cha vijiti chenye godoro la sponji, shuka ni kipande cha kitenge ambacho hapana shaka kilidondoka chini ya cherehani ya fundi. Juu ya kitanda kuna chandarua, kimekatwa kwenye chandarua kikuukuu, kimening'inizwa kwenye njiti nne. Vyombo ni vizibo vya soda vilivyobandikwa kwenye mafiga ya kokoto. Nje kwenye "ua" kuna mtumbwi uliochongwa kwenye soli ya ndala.

Halafu kuna chanja. Hapo ndo pa kusimama. Chanja ya kukaushia dagaa, ile ambayo ukipita ufukwe wowote wa huko unaikuta, miti minne na wavu juu. Ya binti ina vijiti na kipande cha neti, na juu yake kaanika usipa. Usipa wenyewe ni karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakti ya sigara, imekatwa vipande vyembamba, kimoja kimoja, makumi kwa makumi. Wanang'aa kama wale wa kweli wakitoka kwenye maji.

Mtoto wa miaka tisa kakaa akakata usipa makumi kwa mkasi ambao huenda hata sio wa kwao, na mtu mzima kaja na simu ya mamilioni akaona takataka.

Kwa wasiojua, hii kazi ina jina lake duniani na watu wanaifanya maisha yao yote. Wanatengeneza vitu vya nyumba ya mwanasesere, kila kitu kwa kipimo, na kipimo kinachotumika sana ni moja kwa kumi na mbili: inchi moja ya kwenye kinyumba inasimama badala ya futi moja ya nyumba ya kweli. Chukua kizibo cha soda, kina upana wa kama sentimita 3. Zidisha mara 12, unapata 36. Hiyo ni sufuria ya wali wa familia kubwa, sawasawa kabisa. Binti hakufundishwa hiyo hesabu na mtu. Alikiweka kizibo pembeni ya kitanda, akaona kinakaa.

Uingereza, kwenye kasri la Windsor, kuna nyumba ya mwanasesere ya Malkia Mary. Ilisanifiwa na Edwin Lutyens na kukamilika 1924, kwa kipimo hichohicho cha moja kwa kumi na mbili, maji yanatoka bombani, taa zinawaka, na chupa za mvinyo zina mvinyo kweli. Watu wanalipa kiingilio kwenda kuiangalia. Hajawahi kutokea mtu akasimama pale akalia kwamba malkia alikosa kitu cha kuchezea. Japani kuna msanii, Tatsuya Tanaka, tangu 2011 kila siku anatoa picha moja ya watu wadogo wadogo wanaoishi kwenye vitu vya kawaida vya nyumbani, na dunia nzima inampigia makofi.

Na dada yetu naye anapiga makofi, hilo ndo linalokera. Wiki mbili tu kabla ya safari alishea klipu ya mama mmoja wa kizungu anayetengeneza jiko dogo kwa trei ya mayai na vifuniko vya chupa. Aliandika nini? "Ubunifu wa hali ya juu", na vimoyo vitatu. Trei ya mayai ya mzungu ni ubunifu. Boksi la kiberiti la Nyasa ni msiba wa kitaifa.

Kwenye maoni akaibuka mama mwingine wa mjini, huyu anauza "vifaa vya ubunifu kwa watoto". Ni boksi linatoka China, ndani kuna vipande vya mbao vilivyokwisha kukatwa, gundi, taa ndogo na karatasi ya maelekezo. Mtoto anabandika namba moja kwenye namba moja, mama anapiga picha, anaandika mwanangu fundi. Bei yake mjini watu wanakula wiki nzima. Huyo naye kalia kwenye maoni. Kalilia mtoto anayefanya bure, bila maelekezo, kile ambacho yeye anawauzia wa kwake.

Michango ikaingia. Ikatangazwa kwamba imevuka lengo, halafu hesabu hadi leo haijatolewa, lakini hilo waachiwe wenye hela zao. Kilichofika kijijini ni wanasesere wanne wa plastiki, nywele za njano, na jiko lao la waridi lenye oveni. Klipu ya pili ikapigwa, watoto wamepangwa mstari, wanaambiwa semeni asante anti.

Hapa isieleweke vibaya. Watoto walifurahi, tena sana. Mtoto ni mtoto, ukimpa mwanasesere anayefumba macho atalala naye. Kitu cha dukani sio dhambi, na wala sio kila kitu cha kuokota ni kizuri: bati linakata, betri zilizochoka zinavuja, kizibo kinaweza kumkaba mtoto mchanga, na mzazi mwenye akili anaviondoa hivyo. Shida ni kile kilichosemwa wakati wa kuwapa. Binti aliambiwa mbele ya wenzake, mbele ya kamera, kwamba sasa hatachezea tena takataka. Mwanasesere akakatika mkono, na mkono wa plastiki haugandi kwa unga wa muhogo.

Na lile jiko la oveni, hebu jiulize, linapika nini? Nyumba ya boksi ilikuwa na chanja kwa sababu mama yake binti anauza dagaa. Panda juu Mbinga kwenye milima ya Wamatengo, watoto wanachezea kivyao: kichanja cha kuanikia kahawa kwa kipande cha wavu wa dirisha, punje zinageuzwa kwa kijiti, gari la waya linapakia magunia ya vitambaa. Ng'ambo ya ziwa, Malawi, gari hilo la waya wanaliita galimoto, na mwaka 1990 mwandishi wa Marekani, Karen Lynn Williams, alitoa kitabu cha watoto chenye jina hilohilo, habari ya mvulana anayehangaika kukusanya waya atengeneze gari lake. Mtoto wa kila mahali anatengeneza dunia anayoiona. Ukimletea dunia ya mwenzake na kumwambia ya kwako ni uchafu, usimwite ni msaada.

Sasa mama. Kwenye klipu hayupo, na maneno ya dada yalikaa kana kwamba binti hana wa kwake. Yupo. Asubuhi hiyo alikuwa mwaloni anasubiri mitumbwi. Sare ya shule ya mtoto kalipia, daftari kalipia, na hajawahi kumwomba mtu mwanasesere. Habari ilimfikia kupitia ndugu yao mmoja ambaye ni bodaboda Mbinga mjini (wako wengi, msihangaike kumtafuta). Kijana kakaa kijiweni anasubiri abiria, mwenzake anamsogezea simu: "Oya, huyu si mdogo wako? Kumbe kwenu mnalala njaa?" Kijiwe kizima kikacheka. Jioni akapiga simu nyumbani anafoka, kwa nini mmemruhusu. Mama hakujua hata anaulizwa nini.

Shuleni binti akapewa jina. Jina lenyewe halitaandikwa hapa, limeshatosha kule. Na nyumba ya boksi haionekani tena chini ya mwembe.

Watetezi wa dada wapo, na hoja yao ni moja tu miaka yote: "Si bora yeye katoa, nyie mmetoa nini?" Sawa, katoa. Mvuvi naye anatoa chambo. Hiyo klipu ilimletea wafuasi wapya, na mwezi uleule akasaini tangazo la sabuni ya watoto. Sura iliyofanya kazi pale ni ya binti, kazi ya mikono ni ya binti, na mshahara kaambulia mwanasesere aliyekatika mkono. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na kifungu cha 31 kinataja haki ya mtoto kucheza. Hakikutaja aina ya kichezeo. Kuna Sheria ya Mtoto ya 2009, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Lakini hata bila sheria, mtu mzima akifika kijijini kwa watu anauliza: mwenyewe wa huyu mtoto yuko wapi? Hilo halihitaji wakili.

Na wale wanaosema "kwani vitu vya kuokota vimemfikisha nani", wakae chini. Ruvuma hiihii, upande wa Tunduru, alizaliwa Edward Saidi Tingatinga mwaka 1932. Alipofika Dar hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alichora kwenye vipande vya mbao za siling kwa rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli. Alifariki 1972, na leo hoteli gani ya kitalii haina picha ya Tingatinga? Angekutana na dada huyu na simu yake, angechangiwa penseli.

Kenya, kisiwa cha Kiwayu kule Lamu, miaka ya 1990 watoto walikuwa wanachonga vichezeo kwenye ndala zilizotupwa na bahari. Kuna mtu aliyewaona akavielewa, wanawake wa pale wakaanza kutengeneza vya kuuza, na leo Nairobi kuna kampuni, Ocean Sole, inayochonga twiga na tembo kwa ndala za kuokota na kuwauza nje. Mwaka 2018 palepale Lamu likashushwa majini jahazi zima la plastiki chakavu, Flipflopi, limevikwa ndala kama 30,000. Mtumbwi wa binti wa Nyasa ni wa ndala hiyohiyo. Tofauti ni nani alipita pale siku hiyo, na alikuwa anaangalia nini.

Dada alikuwa na njia nyingi za kufanya. Angeweza kukaa chini ya mwembe akaomba aonyeshwe usipa wanakatwaje. Angeweza kumwomba mama ruhusa, akapiga picha chanja peke yake bila sura ya mtoto, akaandika imetengenezwa Nyasa. Angeweza kununua kabati lile la viberiti kwa bei anayolipia kope zake, akaliweka sebuleni, wageni wakauliza. Gundi, mkasi wa maana, rangi, hivyo ndo vya kumpelekea fundi. Yule mchekeshaji naye aliyedandia kiki kwa kuigiza "mshamba na mtoto wa gunzi" angeweza kumuuliza mama yake mzazi alichezea nini utotoni. Jibu analijua.

Klipu mpaka leo haijashushwa. Mama hajapigiwa simu. Juzi dada kaandika anajiandaa na safari nyingine, safari hii Kigoma.

Povu ruksa.