Uleling'Ombe Si Jina

Uleling'ombe ni kata ya Wilaya ya Kilosa, katika Jimbo la Mikumi. Liandike jina hilo kwenye lahajedwali la Excel, kisha uiamuru fomula =PROPER(A2) ilipambe kwa herufi kubwa. Litatoka Uleling'Ombe. Mang'ula, iliyo kwenye barabara itokayo Mikumi kwenda Ifakara, hugeuka Mang'Ula. Fomula hii haijui Kiswahili. Inajua kwamba herufi ifuatayo alama isiyo herufi hukuzwa, basi.

Kwa mtunzi, hili si dogo. Ng' ni sauti moja, na ng'o ni mizani moja. Uleling'ombe lina mizani tano: u-le-li-ng'o-mbe. O kubwa huipasua mizani ya nne na kumdanganya msomaji kwamba hapo pameanza neno jingine. Ritifaa ya ng' si nafasi wala kistari. Ni kiungo cha herufi yenyewe.

Wako wanaoshauri tuifute ritifaa ili mashine itulie. Dawa hiyo inaua. Ukiandika Ulelingombe, umempa ng'ombe sauti ya ngoma, na jina la watu limepotoshwa kwa ajili ya raha ya programu. Tangu lini mguu ukachongwa ili uenee kiatu?

Wengine hulaumu Kiingereza. Siafiki, kwani PROPER hukiharibu hata hicho: don't huwa Don'T. Lawama ni yetu tunaochapa bila kusoma. Ndiyo maana tunaona "Hifadhi Ya Taifa Ya Mikumi" na "Muyaka Bin Haji", ilhali "ya" na "bin" hazikuomba ukubwa huo. LOWER nayo haitofautishi Mikumi, mji, na mikumi, miti ya jamii ya mitende.

Njia ipo. Kwa jina la neno moja, tumia =UPPER(LEFT(A2,1))&LOWER(MID(A2,2,LEN(A2))): hukuza herufi ya kwanza tu, na Uleling'ombe hutoka salama. Kwa majina ya maneno mengi, hakuna badala ya jicho la mhariri.

Tenzi zetu za kale ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu, isiyo na herufi kubwa kabisa, na majina yake hayakukosa heshima. Tuliokubali hati ya Kilatini tumekubali na kanuni zake. Basi mwenye kuhariri diwani au orodha ya vijiji azisimamie yeye, asiiachie fomula.